Tahadhari haisubiri jina la ugonjwa

Ng'ombe akianguka usiku na kufa katika kijiji cha Misungwi au Kwimba, mkoani Mwanza, asubuhi yake kunakuwa na mambo mawili yanayokimbizana. La kwanza ni visu. Majirani wameshasikia, mabeseni yameshatoka, na mwenye mali anapiga hesabu ya kuokoa walau ada ya shule kabla jua halijapanda. La pili ni simu ya kwenda kwa afisa mifugo wa kata, ambaye yuko mnadani au juu ya bodaboda akielekea kijiji kingine. Mara nyingi visu hutangulia. Na kama damu iliyotoka puani mwa ng'ombe yule ni nyeusi na haigandi, kila anayechana ngozi yake huenda anaachia kimeta.

Bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hugeuka kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi, zikisubiri ng'ombe mwingine aje kula majani pale pale. Mzoga ukiachwa bila kupasuliwa, wengi wa bakteria hao hufa humo humo kadiri unavyooza. Kwa hiyo ushauri wa saa ya kwanza ni mfupi: usipasue, usichune, usile kibudu, ondoa mifugo mingine mahali hapo, mwite afisa. Ushauri huo hauhitaji majibu ya maabara. Hauhitaji hata kutaja kimeta. Hata ikija kuonekana baadaye kwamba ng'ombe yule aliumwa na nyoka au alikula mmea wenye sumu, aliyeacha kula nyama yake hakukosea.

Pamoja na hayo, maneno hayo mafupi ndiyo hukawia kuliko yote, kwa sababu kila mmoja anasubiri jina. Mtendaji wa kijiji anamsubiri afisa wa kata, afisa wa kata anaisubiri wilaya, wilaya inasubiri sampuli, na sampuli ikishatoa jibu, jibu lenyewe linasubiri sahihi ya mtu aliye mbali.

Siku hizi kuna mipango mingi ya kuzifundisha taasisi zetu kile ambacho serikali inakiita mawasiliano ya vihatarishi, yaani namna ya kuzungumza na watu wakati ugonjwa umelipuka. Naiunga mkono kwa moyo wote, na kwa magonjwa ya mifugo nasema imechelewa. Ila nina hoja moja ambayo sioni ikipewa uzito. Mafunzo hayo hayatatufaa kama hayataanza kwa kutenganisha kazi mbili tunazozichanganya: kutangaza ugonjwa na kutahadharisha watu. Kutangaza ni kazi ya ngazi ya juu, na ibaki huko. Kutahadharisha ni kazi ya yule aliye karibu na mzoga, na anapaswa kuifanya saa ile ile, kwa ruhusa aliyopewa mapema.

Kutangaza kunaogopwa, na sababu si za kipuuzi. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 imeweka utaratibu wa kutoa taarifa, kuweka karantini na kutangaza eneo kuwa lina ugonjwa, na mamlaka hayo hayako kwa afisa wa kata. Nchi ina wajibu wa kuliarifu Shirika la Afya ya Wanyama Duniani magonjwa kadhaa yakitokea, na majirani wakisikia hufunga mipaka. Januari 2017 Uganda ilipotangaza mafua makali ya ndege kwenye mwambao wa Ziwa Victoria hili hili, Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka Uganda. Mwanza nayo ina kumbukumbu zake. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka nchi zetu kwa hofu ya kipindupindu, na 1999 ukazuia tena samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Waliokuwa viwandani kwenye minofu ya sangara, na wavuvi waliowauzia, wanajua maana ya habari moja ya afya iliyosafiri hadi Brussels. Kiongozi anayesita kutaja ugonjwa hadharani anabeba mzigo wa kweli.

Lakini woga wa kutangaza umemeza na tahadhari. Tumefika mahali ambapo mtu hawezi kusema "msiguse" mpaka aweze kusema "ni nini".

Angalia yaliyotokea Kagera. Machi 2023 homa ya virusi vya Marburg ilipothibitishwa Bukoba Vijijini, nchi yetu ikiipata kwa mara ya kwanza, ilitangazwa, ikapigwa vita na kumalizika rasmi mwanzoni mwa Juni. Waliopata ugonjwa walikuwa 9, waliofariki 6. Ikarudi mwanzoni mwa 2025, safari hii Biharamulo. Januari 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya mlipuko unaoshukiwa. Siku iliyofuata Wizara ya Afya ilieleza kwamba washukiwa waliopimwa hawakukutwa na virusi. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na mkuu wa Shirika la Afya Duniani jijini Dodoma, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko huo ulipofungwa Machi, waliohesabiwa walikuwa 10, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote 10 walikuwa wamefariki.

Sitafuti wa kumlaumu. Sampuli za kwanza zinaweza kuwa hasi kwa ukweli kabisa. Kinachonisumbua ni zile siku kati ya 15 na 20. Taarifa ilizungumzia sampuli zilizopimwa hadi siku hiyo. Wengi mitaani walichosikia ni kwamba Marburg haipo. Pengo kati ya sentensi hizo mbili ndilo mafunzo yanapaswa kulijaza. Virusi vya Marburg makao yake ni popo wala matunda wanaoishi mapangoni, na huingia kwa mtu kwa njia ambazo mwanakijiji angeweza kuziepuka kwa kuambiwa maneno machache: usiingie pangoni kwenye popo, usimwoshe wala kumshika kwa mikono mitupu mtu aliyefariki kwa homa na kutokwa damu, ukiugua nenda kituo cha afya mapema. Yote hayo yalikuwa sahihi Januari 15 kama yalivyokuwa sahihi Januari 20.

Kosa la kuwatuliza watu kupita kiasi halikuanzia kwetu. Uingereza ililifanya kwa ng'ombe wake. Mei 1990, wakati ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ukizidi, waziri wa kilimo John Gummer alisimama mbele ya kamera akimpa baga binti yake wa miaka minne, kuonyesha kwamba nyama ni salama. Machi 1996 serikali hiyo hiyo ilisimama bungeni kueleza kwamba kuna uwezekano mkubwa watu wameambukizwa. Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku nyama ya ng'ombe ya Uingereza. Tume ya Jaji Phillips, iliyotoa ripoti yake mwaka 2000, haikusema kwamba serikali ilidanganya. Ilisema viongozi waliamini hatari ni ndogo, wakawa na shughuli kubwa zaidi ya kuzuia taharuki, na kwamba kampeni ile ya kuwatuliza watu ilikuwa kosa. Ripoti hiyo ningependa isomwe na kila anayeandaa mafunzo haya, kwa sababu inaonyesha jinsi watu wenye nia njema wanavyopoteza imani ya umma kwa kutamka uhakika wasiokuwa nao.

Na sisi tunao usemi wetu wa kutuliza. Karibu kila taarifa kwa umma ina mstari unaosema wananchi waondoe hofu. Hofu haiondoki kwa kuagizwa. Mfugaji mwenye ng'ombe 40 zizini na mmoja aliyekufa usiku ana haki ya kuogopa, na hofu yake ina kazi: ndiyo itakayomfanya aache kisu na kushika simu. Kinachomfaa ni kuambiwa afanye nini nayo.

Mafunzo yenyewe yakoje? Nimekaa katika semina za aina hii kwenye kumbi za hoteli hapa jijini, na nazijua sura zake. Wanaoalikwa ni wakuu wa idara na maafisa habari. Slaidi zimetoka mbali, zenye mifano ya nchi ambako mfugaji ana barua pepe ya daktari wake wa mifugo. Zoezi kuu ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Nilikuwepo kundi moja lilipotumia sehemu kubwa ya asubuhi kujadili nani atie sahihi na nakala ziende kwa nani, na muda ukaisha kabla mtu hajauliza mama anayekamua ng'ombe alfajiri Magu ataisikia vipi taarifa hiyo. Wote walikuwa watu makini. Walifundishwa kulinda taasisi, wakafanya walichofundishwa.

Mimi ningehamisha mafunzo hayo kutoka ukumbini hadi mnadani. Chukua mnada kama wa Nyamatala, pale Misungwi, ambapo ng'ombe wa wilaya kadhaa hukutana. Weka zoezi: ng'ombe watatu wamekufa katika kitongoji kimoja tangu jana, mmoja ameshachunwa, na nusu ya kundi lao limeingizwa mnadani asubuhi hii. Mweke hapo afisa mifugo wa kata, mtendaji wa kijiji, msimamizi wa mnada, mkaguzi wa nyama, mwenye bucha, muuza duka la dawa za mifugo (ambaye kwa wafugaji wengi ndiye daktari wa kwanza), mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mtangazaji wa redio. Saa inaanza kuhesabu. Katika dakika 30 za mwanzo, nani anasema nini na kwa nani?

Afisa wa kata ana kazi moja ya kitaalamu, kuchukua tone la damu sikioni mwa mzoga bila kuupasua na kulituma maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo Mwanza, hivyo safari si ya Dar es Salaam. Kazi yake ya pili ni maneno, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hawajawahi kuambiwa kwamba wanaruhusiwa. Maneno yenyewe yangeweza kuwa haya:

"Ng'ombe wamekufa ghafla katika kitongoji chetu. Bado hatujui ni ugonjwa gani. Sampuli imechukuliwa leo na inakwenda Mwanza. Mpaka tupate jibu, mtu yeyote asipasue mzoga wala kula kibudu. Aliyeshika damu au nyama anawe kwa sabuni na maji mengi, na akiona kidonda au homa aende zahanati, aseme kwamba alishika mzoga. Ng'ombe waliobaki wasipelekwe pale walipofia wenzao, wala mnadani. Kesho saa kumi jioni nitakuwa hapa ofisi ya kijiji kuwaeleza tulipofikia, hata kama jibu litakuwa halijafika."

Soma tena mstari wa mwisho. Ahadi ya kurudi kwa saa inayojulikana ina nguvu kuliko kurasa tatu za maelezo, kwa sababu inawapa watu kitu cha kupima. Afisa akitokea saa kumi na kusema "bado", ameaminika. Asipotokea, usiku huo sauti za WhatsApp zitamaliza kazi kwa niaba yake, na kesho yake itasemwa ni sumu, au majirani wenye wivu, au kampuni ya chanjo.

Maneno ya aina hiyo yanaweza kuandikwa leo, yakapitiwa na daktari wa mifugo wa mkoa, mganga mkuu na mwanasheria wa halmashauri, yakaidhinishwa na kuwekwa tayari. Yawepo ya vifo vya ghafla vya ng'ombe, ya mbuzi na kondoo wanaotupa mimba kwa wingi, ya kuku wanaokufa kwa wakati mmoja, ya mbwa anayeng'ata ovyo, ya ndege wa porini waliookotwa ufukweni. Afisa wa kata anajaza mahali na tarehe, anasema. Hatangazi ugonjwa wowote, kwa hiyo hakuna mpaka unaofungwa wala mteja wa nje anayeshtuka.

Karantini inahitaji sura yake katika mafunzo, maana hapa ndipo taasisi na mfugaji huachana kabisa. Mnada unafungwa kwa tangazo la mistari miwili. Mfugaji aliyepanga kuuza fahali ili alipe hospitali haambiwi umefungwa kwa sababu gani, wala utafunguliwa kwa kigezo gani, wala afanye nini kwa sasa. Halmashauri inapoteza ushuru, mchinjaji anapoteza riziki, na matokeo yake yanatabirika: ng'ombe wanapita usiku kwa njia za panya, na ugonjwa unasafiri nao. Mtaalamu wa Marekani Peter Sandman amefundisha kwa miaka mingi kwamba hatari, kwa jinsi watu wanavyoihisi, ni madhara ukijumlisha na ghadhabu. Tangazo la karantini lisilo na sababu wala mwisho huongeza ghadhabu bila kupunguza madhara. Kama kigezo cha kufungua ni siku kadhaa bila kifo kipya, kisemwe siku ya kwanza, na kila juma watu waambiwe wamebakiza ngapi. Mtu huvumilia kinachoonekana kina mwisho.

Nguruwe nao wanatufundisha kitu tofauti. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, haina tiba, na huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Lakini haimwambukizi binadamu. Ikisikika tu kwamba nguruwe wanakufa, wateja wa kitimoto hukimbia, bei huporomoka, na mfugaji mwenye nguruwe wazima hukimbilia kuuza wote kabla hali haijawa mbaya zaidi. Mauzo hayo ya hofu ndiyo hueneza virusi, kwa kuwa vinakaa ndani ya nyama, mifupa, makombo na kwenye magari. Hapa ujumbe wenye faida una pande mbili, na zote mbili zisemwe kwa pumzi moja: nyama hii haitakuambukiza wewe, na usihamishe nguruwe wala kuwapa makombo ya nyama mabandani. Anayesema upande wa kwanza peke yake anasambaza ugonjwa. Anayesema wa pili peke yake anaua biashara ya watu wasio na hatia. Kumfundisha afisa kubeba sentensi mbili zinazovutana, bila kuacha hata moja, ni ujuzi, na haupatikani bila mazoezi.

Kuku wanakufa mara nyingi zaidi ya wote, na habari zao ndizo haziripotiwi kabisa. Mdondo umewamaliza kuku wa kienyeji kwa miaka mingi kiasi kwamba mama wa nyumbani anaona ni msimu tu. Siku mafua makali ya ndege yatakapofika, yatajificha ndani ya mazoea hayo. Kule Lutembe, karibu na Entebbe, mwaka 2017 walioonekana wakifa kwanza walikuwa ndege wa porini wanaohama kati ya mabara. Ndege hawajui mpaka wa Uganda na Tanzania, na visiwa vyetu, Ukerewe, Ukara, Kome na vingine, vimejaa ndege wa aina hiyo. Atakayeona wa kwanza ni mvuvi, au mwanamke anayeanika dagaa. Je, kikundi cha usimamizi wa mwalo, BMU, kina namba ya kumpigia mtu wa mifugo? Kwa muundo wetu BMU ni watu wa uvuvi, na ndege aliyekufa si samaki. Mafunzo yanayogawanywa kwa idara yatamwacha huyo mvuvi ameshika ndege mkononi bila wa kumwambia.

Oktoba 2017, pale Namanga, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto kwa sababu za kuzuia magonjwa ya ndege. Hoja ya kisheria ilikuwepo. Picha zilizunguka dunia nzima, na kilichobaki vichwani mwa watu ni moto, wala si mafua ya ndege. Kitendo nacho kinazungumza. Waandaaji wa mafunzo wakumbuke hilo wanapopanga nani atakuwa uwanjani siku ya kuteketeza mifugo, amevaa nini, na amemweleza nini mwenye mali kabla ya kuwasha kiberiti.

Kuna nusu nzima ya kazi hii ambayo mitaala huipa ukurasa mmoja mwishoni: kusikiliza. Katika mlipuko wa 2006 na 2007 wa Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na watu unaoenezwa na mbu, mlipuko ambao kwa Tanzania peke yake uliua watu zaidi ya 100, watafiti waliofuatilia baadaye kaskazini mashariki mwa Kenya waligundua kwamba wafugaji wa Kisomali walikuwa wameona mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi kupita kiasi na mifugo kutupa mimba mapema, kabla mamlaka hazijachukua hatua. Maarifa yalikuwepo zizini. Hayakuwa na njia ya kupanda. Leo tunazo programu za simu za kuripoti, mojawapo ni AfyaData iliyobuniwa na watafiti wa SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza pale Chuo Kikuu cha Sokoine, na ni hatua kubwa. Swali langu ni kuhusu safari ya kurudi. Mfugaji aliyetoa taarifa leo akikaa mwezi bila kuambiwa sampuli yake ilionyesha nini, mwakani atachukua kisu. Kwa hiyo kipimo kimojawapo cha mafunzo kiwe hiki: katika taarifa zilizopokelewa, ni ngapi zilirudishiwa jibu kwa aliyezitoa?

Mto Mara ulituonyesha gharama ya kutosikiliza, ingawa halikuwa suala la ugonjwa. Machi 2022 maji yake yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza oksijeni majini. Oksijeni huweza kweli kupotea hivyo. Lakini watu wa kando ya mto walikuwa na swali lao la miaka mingi kuhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara, na kwa wengi jibu lililoletwa halikugusa swali hilo. Sayansi ikawa kichekesho mitandaoni. Kama wawakilishi wa vijiji wangechukua sampuli pamoja na wataalamu na kuzifuata hadi maabara, matokeo yale yale yangepokelewa kwa uzito mwingine.

Mwanza ina kila kinachohitajika kuanza, na hili hunipa matumaini kuliko mpango wowote kutoka nje. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Mabuki, huko huko Misungwi, inayotoa maafisa wanaokwenda kukaa katika kata. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Malimbe, kimefundisha wanahabari wengi wa nchi hii na kina redio yake. Redio Free Africa inasikika kutoka jiji hili hadi mbali. Bugando inapokea wagonjwa wa kanda nzima. Mwanafunzi wa stashahada wa Mabuki na mwanafunzi wa uandishi wa Malimbe wangefanya zoezi la mlipuko pamoja mara moja tu kabla ya kuhitimu, mmoja akihojiwa na mwenzake akihoji, wangeingia kazini kila mmoja akijua kazi ya mwenzake. Mwandishi angejua kwamba "hatujui bado" si kukwepa swali. Afisa naye angejua kwamba mwandishi asiyepata jibu saa nne ataandika jibu la mtu mwingine saa sita.

Na mazoezi hayo yafanyike kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kizinza, si kwa Kiswahili cha ofisini peke yake. Bibi mwenye mbuzi wachache Ukerewe anaelewa Kiswahili cha sokoni. Kiswahili cha "Wananchi wanahimizwa kuzingatia miongozo ya kitaalamu" hakimfikii.

Tunaelekea misimu ambayo mvua ikizidi, mayai ya mbu yaliyokaa na virusi vya Bonde la Ufa kwenye udongo wa madimbwi yataanguliwa. Mwaka 2006 tahadhari ya setilaiti ilitolewa wiki kadhaa kabla, ikaishia kwa wataalamu. Watu waliogopa nyama iliyopikwa ikaiva, ambayo haikuwa shida, huku mikono ikiendelea kuchinja wagonjwa na kuzalisha mbuzi bila kinga, na maziwa mabichi yakiendelea kunywewa. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa mvua kubwa, ofisi ya daktari wa mifugo wa mkoa iutafsiri siku hiyo hiyo kuwa maneno matatu ya zizini na kuyapeleka kwa maafisa wa kata yakiwa yameshaidhinishwa. Wakurugenzi wa halmashauri za Ilemela, Jiji la Mwanza, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe hawahitaji bajeti ya mfadhili kuandika barua ya ukurasa mmoja inayosema: afisa mifugo wa kata anaruhusiwa kutoa tahadhari hizi, kwa maneno haya, bila kusubiri kibali kingine. Nakala zibandikwe machinjioni, kwenye minada, mialoni na katika maduka ya dawa za mifugo, zikiwa na jina la afisa na namba yake ya simu.

Na halmashauri ilipie salio la simu hiyo.